Mtoto ‘ni’ msumbufu au ‘anasumbua’? Somo la malezi ndani ya neno moja la Kihispania

Arusha. Saa moja jioni, Nduruma. Mama amerudi kutoka shamba la maua, ugali uko jikoni, na mtoto wa miaka sita anaomba simu kwa mara ya tano. Jibu linalotoka katika nyumba nyingi wakati kama huo ni fupi: “Wewe mtoto ni msumbufu!”

Hakuna aliyepigwa. Hakuna tusi. Baada ya dakika mbili mama amesahau, kwa sababu mboga inaungua na mdogo wake mtoto huyo analia. Swali ni kama mtoto naye amesahau, na kama kauli hiyo inayorudiwa jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, inamwachia kitu.

Wazazi wengi hufikiri kuhusu kiboko wanapozungumzia adhabu. Wachache hufikiri kuhusu sarufi. Lakini kuna lugha ambayo humlazimisha msemaji kuamua, kabla hajamaliza sentensi, kama anazungumzia tabia ya mtu au hali yake ya sasa hivi. Lugha hiyo ni Kihispania, na katika mkoa wetu wapo wazazi wanaojifunza kwa ajili ya kazi.

Kihispania Arusha?

Ukikaa mjini Arusha katika msimu wa watalii utakisikia. Waongozaji wa watalii, madereva wa safari na wahudumu wa hoteli wanajua kwamba anayezungumza Kiingereza tu anagombania wageni na wenzake wengi, lakini mwenye lugha ya ziada huitwa kwa jina. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, kuanzia Hispania hadi Mexico, Colombia na Argentina, na moja kati ya hizo iko Afrika: Guinea ya Ikweta.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, lugha hii ina habari njema. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Maneno mengi huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi tunavyofanya. Ndiyo maana mtu wa Arusha akisoma Kihispania kwa sauti mara ya kwanza, hasikiki vibaya.

Ugumu huanza kwenye maneno madogo ya kila siku. Mojawapo ni “pesado”.

Neno lenyewe

Maana ya kwanza ya “pesado” ni nzito, kama mzigo. Limetokana na kitenzi cha kupima uzito. Hutamkwa pe-sa-do, mkazo ukiwa kwenye “sa”, na herufi “d” hapo katikati hulainika hadi kukaribia “dh” ya “dhahabu”.

Hubadilika kufuata anayetajwa: mwanamume ni “pesado”, mwanamke ni “pesada”, wakiwa wengi ni “pesados” au “pesadas”. Hilo halimsumbui Mswahili, ambaye tangu utotoni anasema mzigo mzito, kiti kizito, mizigo mizito.

Neno hilo husafiri kama “zito” letu linavyosafiri. Wahispania wana usingizi mzito, “sueño pesado”. Wana chakula kizito, “comida pesada”, na aliyekula kupita kiasi husema anajisikia “pesado”. Utani uliovuka mpaka huitwa “broma pesada”.

Lakini likitajwa kuhusu mtu, hasa nchini Hispania, maana yake kubwa ni msumbufu: anayeng’ang’ania, anayerudia jambo lile lile, anayechosha. Hapo ndipo anayetafsiri neno kwa neno huangukia shimoni. Kwetu “mtu mzito” anaweza kuwa mheshimiwa, mwenye cheo au fedha. Mwongozaji anayetaka kumsifu mgeni wake mashuhuri kwa kumwita mtu “pesado” atakuwa amemwambia mbele ya mkewe kwamba anakera.

Katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini, kama Colombia, utasikia pia “cansón”, neno lililotokana na kuchosha. Wazo ni lile lile na kila mzazi analijua: kuna watu, na kuna saa, zinazotuelemea kama gunia.

Vitenzi viwili vya kuwa

Somo la malezi liko kwenye kitenzi kinachotangulia neno hilo. Kihispania kina vitenzi viwili vinavyofanya kazi ya “kuwa”. Kimoja ni “ser”, ambacho husema mtu ni nani au ni wa namna gani. Cha pili ni “estar”, ambacho husema yuko katika hali gani. “Estar” kina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya kusimama. Ni kama kusema: hivi ndivyo mtu alivyosimama kwa sasa.

Mzazi anayemwambia mwanaye “eres pesado” ametumia “ser”. Amesema: wewe ni msumbufu, ndivyo ulivyo. Akisema “estás pesado hoy”, ametumia “estar”: leo unasumbua. Mtoto ni yule yule, kelele ni zile zile na neno la kuudhika ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sentensi ya pili imeacha mlango wazi. Leo unasumbua. Kesho huenda usisumbue.

Neno jingine la karibu, “molesto”, hubeba tofauti kali zaidi. “Estoy molesto” maana yake nimeudhika. “Soy molesto” maana yake mimi ndiye kero. Mwanafunzi akikosea kitenzi, anayelalamika hugeuka kuwa anayelalamikiwa. Wahudumu wa hoteli hulifahamu neno hili kwa sura nyingine: kibao cha “No molestar” kinachoning’inizwa kwenye kitasa cha mlango humaanisha usisumbue.

Tusiwafanye Wahispania malaika. Nao wakichoka huwaambia watoto wao “no seas pesado”, usiwe msumbufu, wakitumia kitenzi kile cha kudumu. Marafiki hutaniana kwa “qué pesado eres” na kucheka. Sarufi peke yake haimlei mtoto. Faida yake kwa anayejifunza ni kwamba inamsimamisha kidogo na kumuuliza: unasema kuhusu mtu, au kuhusu leo?

Kiswahili nacho kina milango miwili

Mtu anaweza kudhani kwamba sisi hatuna tofauti hiyo. Tunayo, na tunaipita kila siku bila kuiona.

Chukua kitenzi “sumbua”. Ukisema “unasumbua”, umetaja kitendo na wakati wake. Ukisema “umenisumbua”, umetaja jambo lililotokea na sasa limekwisha. Lakini ukiweka “m” mbele na “fu” nyuma, unapata “msumbufu”, na wakati umetoweka. Si jana, si leo. Ni mtu.

Kiswahili hufanya hivyo kwa vitenzi vingi. Anayedanganya huwa mdanganyifu. Anayesahau huwa msahaulifu. Anayevumilia huwa mvumilivu. Ni uwezo mzuri wa lugha, na ukitumika kwa sifa njema hauna kelele. Tatizo hutokea pale kosa moja la saa moja jioni linapogeuzwa mtu mzima mwenye jina.

Yapo na maneno mengine ambayo hayahitaji hata kitenzi: mkorofi, mkaidi, mjeuri, mvivu, muongo, kichwa kigumu. Katika nyumba nyingi maneno haya hugawanywa kwa watoto kama nguo za sikukuu. Mkubwa ndiye mpole, wa pili ndiye mkorofi, wa mwisho ndiye mliaji. Mgeni akifika anatambulishwa: “Huyu ndiye yule mtundu.” Na mtoto amesimama pale, anasikia.

“Mtundu” lina bahati yake, kwa sababu likisemwa kwa tabasamu hubeba pia maana ya uchangamfu na akili ya kubuni. Lakini mtoto hupima tabasamu kabla ya neno. Likisemwa kwa hasira, bahati hiyo haipo.

Nduruma ina la ziada. Ni kata ya wakulima na vibarua chini ya Mlima Meru, na watoto wengi hukua na lugha mbili au zaidi: Kimeru au Kiarusha kwa bibi, Kiswahili shuleni na dukani. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupewa jina baya kwa lugha ya nyumbani na kulikuta tena kwa Kiswahili darasani. Likisemwa kwa lugha mbili, huonekana kama limethibitishwa.

Utafiti unasema nini

Mwaka 1999 watafiti Melissa Kamins na Carol Dweck wa Marekani walichapisha utafiti waliofanya na watoto wa umri wa chekechea. Watoto waliigiza visa ambavyo ndani yake walifanya kosa, kisha mwalimu akawakosoa. Wengine walisikia ukosoaji uliowalenga wao wenyewe. Wengine walisikia ukosoaji uliolenga namna walivyofanya kazi, pamoja na swali kama kuna njia nyingine ya kuifanya.

Baadaye watoto walipokutana na kosa jipya, waliokosolewa wao wenyewe walijishusha zaidi na walikata tamaa kwa urahisi zaidi. Waliokosolewa kazi yao walikuwa tayari zaidi kuendelea na kujaribu kurekebisha.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo huwashangaza wazazi. Hata sifa iliyomlenga mtoto mwenyewe, ya aina ya “wewe ni mtoto mzuri sana”, ilimwacha dhaifu zaidi alipokosea kuliko sifa iliyolenga juhudi zake. Sababu inaeleweka. Aliyeambiwa kwamba yeye ni mzuri kwa kuwa amefaulu, akishindwa atajiuliza kama bado ni mzuri.

Hapa nchini, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban robo ya vijana waliohojiwa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Neno “msumbufu” lililomponyoka mama aliyechoka si ukatili wa aina hiyo. Lakini kumwambia mtoto mara kwa mara kwamba hafai au hapendwi ni jambo jingine, na umbali kati ya viwili hivyo hupungua kidogo kidogo pale jina baya linapozoeleka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2023 mwongozo unaopendekeza wazazi wasaidiwe kwa mafunzo ya malezi. Na Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayolenga watoto hadi miaka minane. Malezi yenye mwitikio ni sehemu yake, na mwitikio huo huanza na namna tunavyomjibu mtoto.

Jinsi ya kugeuza sentensi

Kumwondolea mtoto jina baya hakumaanishi kumwacha afanye atakavyo. Mtoto anayesumbua lazima aambiwe, na aambiwe waziwazi. Kwa kweli sentensi inayotaja kitendo ni kali kuliko jina, kwa sababu humwonyesha hasa alichofanya na anachotakiwa kufanya. “Wewe ni msumbufu” haimpi kazi yoyote.

Badala ya “Wewe ni msumbufu”, sema: “Umeniomba simu mara tano. Jibu langu ni lile lile, hupewi kabla ya kula.”

Badala ya “Mvivu wewe”, sema: “Vyombo bado ni vichafu. Vioshe kabla ya taarifa ya habari.”

Badala ya “Muongo mkubwa”, sema: “Ulichoniambia si kweli. Niambie tena kilichotokea.”

Badala ya “Una kichwa kigumu”, sema: “Nilikukataza kucheza kwenye mfereji, na umerudi. Leo utakaa hapa nami.” Nduruma ni eneo la mifereji ya umwagiliaji, na hili ni katazo ambalo mtoto anahitaji kulielewa sawasawa. Mtoto aliyezoea kuitwa mkaidi kwa kila kitu hatatofautisha mfereji na vyombo.

Badala ya “Mliaji huyu”, sema: “Unalia kwa sababu umenyang’anywa mpira. Twende tukamwambie aurudishe.”

Angalia kwamba katika sentensi zote neno “wewe ni” limeondoka. Kilichobaki ni kitendo, wakati na hatua inayofuata. Mzazi akiona ulimi unaelekea kwenye “wewe ni”, hapo ndipo pa kuvuta pumzi.

Umri nao una maana

Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini dukani hajapanga kukuaibisha. Sehemu za ubongo zinazozuia hasira bado ni changa, na maneno ya kueleza anachotaka hayajatosha. Mwondoe penye hatari, kaa karibu naye, sema maneno machache. Hotuba haitamfikia.

Mwenye miaka minne hadi sita anauliza “kwa nini” hadi masikio yachoke. Huyo ndiye “pesado” halisi, anayerudia na kung’ang’ania. Lakini maswali ni kazi yake ya umri huo. Jibu mawili au matatu, kisha mwekee mpaka: “Maswali mengine utaniuliza tukishakula.” Halafu timiza ahadi, kwa sababu mtoto anayejua kwamba saa ya maswali ipo hana haja ya kung’ang’ania.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea atakurudishia neno lako. Ukimwita kero, naye atakuambia unazingua au unaboa, kwa sauti au kimoyomoyo. Katika umri huu anatafuta yeye ni nani, na jina unalompa linaweza kuingia kwenye jibu. Zungumza naye faraghani, taja jambo moja tu, usifungue faili la miaka mitatu iliyopita.

Mfundishe naye kusema “nimekereka”

Nusu ya pili ya somo ni ya mtoto mwenyewe. Watoto wengi wetu wana maneno mawili tu ya hisia mbaya: nimekasirika na naumwa tumbo. Katikati ya hayo kuna mengi: nimechoka, nimeudhika, nimekereka, nimeona aibu, nina wivu, nina wasiwasi, nimesononeka.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu wazima. Washiriki walipoipa jina hisia iliyoonekana kwenye picha ya uso wa mtu, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na taharuki ilitulia zaidi. Wazazi wa zamani walijua hilo bila mashine. Mtoto aliyepata neno la kusema hupunguza kurusha vitu.

Mpe maneno kwa mfano wako. Ukisema mbele yake “leo nimechoka na nimekereka, nipe dakika kumi”, umemfundisha mambo mawili. Kwanza, hata mama hukereka. Pili, hali hiyo ina mwisho, na katika mfano huu mwisho wake ni dakika kumi. Hiyo ndiyo “estoy molesto” ya Kiswahili, na haimwachii mtoto jina lolote.

Msumbufu, au mgonjwa?

Kuna sababu nyingine ya kutaja kitendo badala ya mtu, na hii ni ya kiafya. Ukishasema mtoto ni msumbufu, umemaliza uchunguzi. Ukisema leo anasumbua, utajiuliza kwa nini leo.

Angalia usingizi kwanza. WHO hupendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka mitatu na minne, na saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja na miwili, pamoja na usingizi wa mchana. Wa umri wa shule ya msingi huhitaji saa 9 hadi 12. Mtoto anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule amepata saa sita. Jioni yake haiwezi kuwa tulivu.

Angalia simu. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, WHO inashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukiwa mfupi zaidi ni bora. Anayepewa simu kila anapolia amejifunza kwamba kulia ndiyo nywila.

Angalia masikio. Mtoto anayeuliza “nini?” kila mara, asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, au anayetokwa usaha sikioni anaweza kuitwa mkaidi kumbe hasikii vizuri. Angalia pia njaa, minyoo, upungufu wa damu na homa. Mtoto aliyekuwa mchangamfu na ghafla amekuwa mwenye kuchukia kila kitu apelekwe kituo cha afya. Apelekwe haraka zaidi akiwa na homa, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea.

Angalia meno, hasa kwetu. Maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana maji yenye madini mengi ya floraidi yatokanayo na miamba ya volkano. Mwongozo wa WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye kiwango kikubwa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yatatoka na madoa ya kahawia. Baadhi yao hufunika mdomo wakicheka, hawajibu darasani, na huishia kuitwa wenye kiburi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kinachosaidia ni kumtafutia mtoto mdogo maji ya kunywa na kupikia kutoka chanzo chenye kiwango kidogo au yaliyochujwa kwa njia maalumu, na kutomcheka.

Na iwapo mtoto hatulii, hasikilizi na hukurupuka nyumbani na shuleni pia, kwa miezi sita au zaidi, kiasi cha kukwamisha masomo na urafiki wake, mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa saikolojia. Huenda tatizo lake lina jina la kitabibu na lina msaada.

Mzazi naye aulizwe

Kauli mbaya nyingi hazitoki kwenye chuki. Hutoka kwenye miguu iliyosimama tangu asubuhi, deni la duka, mume aliye safarini na wageni wake kwa siku kumi. Ulimi hauna mfupa, na ukichoka hauna hata kizuizi.

Kwa hiyo pima saa zako. Kama majina mabaya hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, tatizo ni saa hizo. Punguza unachoweza: chakula cha mtoto kitangulie, mkubwa amwogeshe mdogo, redio izimwe kidogo, baba akiwepo achukue zamu.

Na jina likishatoka, lirudi kuchukuliwa. “Nilikuita msumbufu. Nilikuwa nimechoka. Ulichofanya hakikunipendeza, lakini wewe si msumbufu.” Sentensi hizo hazimshushi mzazi. Zinamfundisha mtoto kuomba radhi kwa kuona inavyofanywa.

Kwa nyumba yenye mtu anayejifunza Kihispania kuna njia rahisi ya kuanza wiki hii. Wafundisheni watoto maneno mawili tu, “estás pesado”, au “estás pesada” kwa binti, na mkubaliane kwamba yanaweza kusemwa na yeyote kwa yeyote, hata kwa baba anayerudia swali la “nani amekula chenji yangu”. Sharti ni moja: anayesema lazima amalizie kwa kutaja kitendo. Wasio na Kihispania watumie “leo unasumbua kwa…” na kujaza nafasi iliyobaki. Ambaye hana cha kujaza, anyamaze.

Mzazi au mtoto anayehitaji ushauri, au anayejua mtoto anayefanyiwa ukatili, anaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Haitozwi chochote.